Namba Mbili Kutoka Tabora

Dada yangu alimruhusu mwanawe aende Dar es Salaam kwenye majaribio ya akademi ya mpira kwa masharti mawili: nimpeleke mimi mwenyewe, na shule zikifunguliwa awe amesharudi darasani. Habari ya mtoto kuchaguliwa au kuachwa hakuigusa kabisa. Yeye mpira anaujua kwa makelele ya jirani Simba ikifunga, basi. Mimi Dar naifahamu, huwa nakwenda Kariakoo kufuata vipuri vya baiskeli, lakini majaribio ya wachezaji nilikuwa sijawahi kuyaona hata kwa mbali.

Kijana mwenyewe ana miaka 13. Kule kwetu Ng'ambo, Tabora, ndiye mfalme wa chandimu. Akishampiga mtu chenga humsubiri ainuke ampige nyingine. Kwenye UMITASHUMTA alifunga mabao mpaka walimu wa shule pinzani wakaanza kuulizia cheti chake cha kuzaliwa, na hilo la cheti msomaji alishike, tutakutana nalo mbele. Daluga za safari aliazima kwa kaka wa rafiki yake. Zilimzidi namba moja, tukazituliza kwa soksi mbili.

Tulipanda treni ya zamani itokayo Kigoma, kwenye reli ile ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Daraja la tatu, usiku, watu na mizigo yao, madumu ya asali yamepangwa mpaka mlangoni mwa choo. Haukupita muda behewa zima likajua kijana anakwenda wapi, na behewa zima likageuka benchi la ufundi. Mzee mmoja aliyepandia Urambo alimwita, akaitikia shikamoo yake, akambonyeza vigimbi kwa vidole viwili na kutangaza kwamba huyu ni mshambuliaji. Kijana mmoja aliyesema amepita JKT akapinga: siku hizi wanaangalia urefu tu, asiye na futi sita asijisumbue. Mwingine akasema ni mbio. Mama muuza asali, ambaye wote tulidhani amelala, akafungua jicho moja akasema wanachoangalia ni mfuko wa mjomba. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kidogo.

Saranda wauza kuku walijaa madirishani na masinia yao, na mpwa wangu akala paja kwa hesabu yangu. Tukapita Bahi na majaruba yake ya mpunga, tukashuka Dodoma na kuhamia treni ya umeme. Hapo mazungumzo yalikwisha. Kwenye treni inayofika kilomita 160 kwa saa, kila abiria ana kiti chake chenye namba na simu yake mkononi, na hakuna anayembonyeza vigimbi mtoto wa mwenzake. Kule milima ya Kilosa tulipoanza kuingia kwenye mahandaki, kijana akawa anahesabu kila giza kwa sauti, mpaka dada mmoja wa kiti cha mbele akageuka kumtazama.

Tulifikia Mbagala kwa shangazi yake. Nilimwambia kijana kwamba hapa ndipo alipokulia Mbwana Samatta, akaacha kula. Nikamhadithia: alichezea Mbagala Market, timu ambayo baadaye iliitwa African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ikamchukua baada ya kukutana naye uwanjani akiwa na jezi nyekundu. Mwaka 2016 akahamia Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Shangazi alisikiliza yote hayo huku akichambua mchicha, kisha akauliza, "Kwa hiyo huyo hakupitia akademi?" Mpwa wangu akanitazama. Nilisema wakati ule akademi zilikuwa chache, nikaomba chumvi.

Swali lile lilinisumbua usiku, pamoja na joto. Kama Samatta aliupata mpira mtaani, hawa makocha wa akademi wanatafuta nini ambacho mtaa haukioni?

Akademi tuliyokwenda iko njia ya Mkuranga, mbele ya Kongowe. Saa moja asubuhi foleni ilikuwa imeshakunja kona ya ukuta. Nje ya geti alikuwepo bwana mmoja mwenye bahasha kwapani, amevaa suti na jua lote lile, anawaita wazazi pembeni mmoja mmoja. Habari zake zilikuwa tamu: kuna nafasi Ulaya kwa vijana wa miaka 14, kinachotakiwa ni pesa ya pasi ya kusafiria na viza, mengine yeye anayamaliza. Mlinzi wa getini alipita kwenye foleni akitunong'oneza tusimpe kitu. Mlinzi alikuwa na haki. Ibara ya 19 ya kanuni za usajili za FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoorodheshwa, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa shughuli zisizohusu mpira. Mtoto wa Tabora wa miaka 14 hawezi kusajiliwa na klabu ya Ulaya kwa sababu tu ana kipaji na mjomba wake ana pesa ya viza. Wazazi wangelijua hili moja tu, bwana yule angerudi nyumbani mapema na suti yake.

Ndani, kazi ya kwanza ilikuwa makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kadi ya kliniki, ripoti ya shule. Dada wa mezani alipokea cheti, akaandika jina kwa kalamu ya buluu, kisha akabadilisha kalamu na kuandika mwezi wa kuzaliwa kwa wino mwekundu: Novemba. Nikauliza kwa nini mwezi upewe heshima yote hiyo. Kocha aliyekuwa amesimama nyuma yake, mtu mfupi mwenye kofia iliyopauka, ndiye aliyenijibu.

Timu za watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanaingia kundi moja, ingawa mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima, na katika umri wa miaka 12 au 13 mwaka mmoja ni kifua, ni mapaja, ni hatua tatu za mbio. Ulaya waliligundua hili zamani: ukifungua orodha za timu zao za vijana utakuta waliozaliwa Januari, Februari na Machi wamejaa kupita kiasi, na wa mwisho wa mwaka wanahesabika. Vipaji havizaliwi kwa msimu. Makocha tu ndio waliokuwa wanachagua waliokua mapema. "Kwa hiyo wa Novemba namwangalia mara mbili," alisema kocha. "Wa Januari aliyewazidi wenzake kwa kifua, yeye ndiye anayenitia wasiwasi."

Kwetu sisi, akaendelea, kuna shida ya pili juu ya hiyo, na kila mtu anaijua: vyeti. Mtoto anaweza kuwa na miaka 13 kwenye karatasi na 16 kwenye kidevu. Kwenye mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 17, FIFA ilianza mwaka 2009 kupiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono, kuona kama mfupa wa pale umeshafunga kukua, na CAF nao wanafanya hivyo. Akademi ya njia ya Mkuranga haina uwezo wa kumpeleka kila mtoto wa foleni kwenye mashine hiyo. Wao wana maswali. Kocha alimgeukia mpwa wangu na kumuuliza kama wanapiga soga: darasa la kwanza ulianza mwaka gani, nani alikuwa mwalimu wako, mdogo wako anayekufuata yuko darasa la ngapi, kaka yako je? Hakuna swali lililotaja umri, lakini mwishoni ungeweza kuupiga hesabu kwenye vidole. Kisha akachukua kadi ya kliniki, ile ya kijijini kwa bibi yake, imechakaa mikunjo yote, na kuisoma uzito kwa uzito. Hiyo aliipenda kuliko cheti.

Swali la mwisho lilikuja kwangu. Baba yake mtoto ana urefu gani? Na mama? Huku akinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, safari ambayo kwangu mimi huwa haichukui muda. Nikawahi kumwambia mimi ni upande wa mama, na hata huko nilikosea njia. Alicheka. Akademi za Uingereza hutumia urefu wa wazazi wote wawili, pamoja na urefu na uzito wa mtoto mwenyewe, kukadiria atafika wapi na leo amefika wapi. Wapo wanaopanga hata mechi kwa makadirio hayo badala ya umri, ili aliyechelewa kukua naye apate siku ya kucheza na wa kimo chake. Huyu wa kwetu alifanya hesabu yake kichwani, akaandika kitu, akatusukumia uwanjani.

Nilikuwa nimejiandaa kuona danadana. Hakuna aliyepigishwa danadana. Kila mtoto alipewa kizibao chenye namba, wetu akapata 47, wakawekwa kwenye viduara: wanane nje, wawili ndani wanausaka mpira. Baada ya hapo wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo vyenye magoli ya koni. Kwenye uwanja mkubwa mtoto anaweza kumaliza nusu saa amegusa mpira mara nne, na kocha akabaki kuhukumu bahati yake. Kwenye uwanja wa wanne hana pa kujificha.

Tuliosindikiza tulikaa kwenye mabenchi chini ya mkorosho, na kwa bahati benchi langu lilikuwa na kocha msaidizi anayeandika kwenye daftari la kawaida la shule. Nilimpa nafasi, naye kwa kunilipa hakulificha daftari. Mistari ilikuwa na namba za watoto. Safu ya mabao haikuwepo. Mbele ya kila namba kulikuwa na vijiti, vile vya kuhesabia kura, na ilinichukua muda kuelewa anahesabu nini. Kila mpira ulipokuwa njiani kumwendea mtoto, jicho lake lilikuwa kwenye shingo ya mtoto. Akigeuka kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika, kijiti. Asipogeuka, hakuna kitu, hata kama baada ya hapo atapiga chenga watu watatu.

Namba 12, katoto kembamba kanakovuta bukta kila dakika, kalikuwa na vijiti vimejaa mstari mzima. Namba 47 alikuwa na viwili.

Nilitaka kutetea ukoo. Nikasema wetu ana chenga. Kocha msaidizi akajibu kwa upole kwamba ndiyo, ameziona, na ndizo zinazomponza: mtoto anayejua atamtoka mtu yeyote haoni sababu ya kutazama mapema. Mtaani inatosha. Akifika miaka 17 akikutana na mabeki waliokua kama yeye, atapokea mpira akiwa ameupa uwanja mgongo na kukuta watu wawili wameshamfunga. Akanitajia Mnorwe mmoja, Geir Jordet, aliyewafuatilia kwa kamera viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza na kuhesabu wanageuza shingo mara ngapi kabla ya kupokea. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliogeuka zaidi ya wengine. Mtu tuliyemkumbuka kwa mabao ya mashuti ya mbali, kumbe shughuli yake kubwa ilikuwa shingoni.

Ajax ya Amsterdam kwa miaka mingi imewapima watoto kwa mambo manne: ufundi, uelewa wa mchezo, haiba, kasi. Nilimuuliza kocha msaidizi wao wanaanza na lipi. Hakunipa orodha. Alisema kasi ya mtoto aliyebalehe mapema ni mkopo, wenzake watakuja kumdai akifika miaka 16, kwa hiyo anaitazama mwisho. Kinachomvutia zaidi ni sekunde chache baada ya mtoto kupoteza mpira. Wapo wanaoshika kiuno. Wapo wanaomtazama mwenzao aliyetoa pasi mbovu, ili benchi lione kosa ni la nani. Na wapo, wachache, ambao mwili umeshageuka kuufuata mpira kabla uso haujakunjamana.

Wetu alishika kiuno. Nikatazama korosho.

Kisha watoto wakaanza kuonewa makusudi. Mwamuzi, ambaye naye ni kocha, alipuliza kipyenga kwa makosa yasiyokuwepo, akawapa wapinzani mpira ambao kila mtu aliona umetoka kwao. Baba mmoja kwenye benchi la pili akasimama kupiga kelele. Kocha msaidizi akaandika namba ya mwanawe pembeni, na alama ya kuuliza. Nilipomtazama kwa mshangao, akasema mtoto watamlea miaka sita, na kila Jumamosi ya miaka hiyo sita baba huyu atakuwa hapa ukingoni. Toka hapo nilikaa kimya kama niko msikitini.

Baadaye wakabadilisha kanuni bila kusimamisha mchezo: gusa mara mbili tu. Kocha wa uwanjani alitamka mara moja, akanyamaza. Ilikuwa raha kutazama nani amesikia, nani amesikia lakini miguu inakataa, na nani anauliza mwenzake. Mpwa wangu aligusa tatu, akapulizwa. Tatu tena, akapulizwa. Kisha mbili, mbili, mbili, mpaka mwisho. Kocha msaidizi akachora duara kwenye namba 47, la kwanza tangu asubuhi. Kosa la mara ya kwanza halikumshughulisha. Alitaka kujua linakoma lini.

Jambo lenyewe lilitokea mchana, walipopangwa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Timu moja ilikuwa haina beki wa kulia, na yule kocha wa kofia iliyopauka akamnyooshea kidole mpwa wangu: wewe, namba mbili. Nilimwona kijana akitazama nyuma yake, labda anaitwa mwingine. Namba mbili kwetu mtaani hupewa anayeleta mpira, ili asinyimwe kucheza.

Lakini beki wa pembeni anautazama uwanja wote mbele yake. Hakuna wa kumjia kwa nyuma. Na aliyepangwa kumkabili alikuwa winga mwenye chenga zile zile za kwake: anazuga nje, anaingia ndani. Mpwa wangu alizijua kabla hazijaanza. Hakumrukia. Alisubiri bega lishuke, akachomoa mpira, akapanda nao. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu winga akahamia upande mwingine. Vijiti vya namba 47 vikaanza kujaa, kwa sababu sasa alikuwa anatazama, na alikuwa anatazama kwa kuwa kulikuwa na kitu cha kuona.

Kipyenga cha mwisho kilipolia watoto walikimbilia maji. Makocha walibaki wamesimama bila kuokota koni hata moja, wakisubiri. Kuna waliorudi wenyewe kuziokota, na kalamu ikafanya kazi tena. Nairobi kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987, ambako timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa. Hapa hakuna pointi, lakini mantiki haitofautiani sana. Wetu hakuokota koni. Alikuwa amekaa chini anavua daluga. Soksi zote mbili zilikuwa zimetoboka na kidole gumba kilikuwa kinatoka damu. Kocha wa kofia alimwendea, akachuchumaa, akatazama kidole, akatazama daluga, akasema neno nisilolisikia.

Majina yalibandikwa jioni kwenye mlango wa stoo. Wa kuchukuliwa moja kwa moja walikuwa wachache sana, namba 12 akiwemo. Chini yao kulikuwa na orodha ya pili, ya wanaotakiwa kurudi likizo ijayo waonwe tena, na mbele ya 47 waliandika: beki wa kulia.

"Mjomba, mimi beki?" Alikuwa karibu kulia. Kocha alimweleza kwamba Alphonso Davies alifika Bayern Munich akiwa winga, wakamfanya beki wa kushoto, na mwaka 2020 akabeba kombe la mabingwa wa Ulaya. Antonio Valencia wa Manchester United naye alianza winga. Kijana hakutulia, ila alinyamaza. Alipewa kazi za nyumbani tatu: acheze na waliomzidi umri ambao chenga hazitawatosha, apige kila mpira wa ukutani kwa mguu wa kushoto, na apate daluga za namba yake, hii ya mwisho ikaelekezwa kwangu.

Nikampigia dada. Nikamwambia mtoto hajachukuliwa wala hajaachwa, ila wamempa namba mbili. Akafikiri kidogo. "Ya pili kati ya wangapi?" Nikamwambia wengi. Akasema si mbaya, darasani huwa wa kumi na nne, na je, tiketi za kurudi tumekata?

Kabla hatujaondoka, yule dada wa makaratasi alinipa ushauri mmoja wa pesa, na huu nauandika kwa ajili ya kila timu ya mtaani. Mtoto asajiliwe rasmi na klabu ya kwao sasa hivi, kupitia chama cha mpira cha wilaya. Mchezaji mwenye mkataba anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine, FIFA inataka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16. Kwa ada ya shilingi bilioni 1, msimu mmoja wa mtoto wa miaka 13 ni shilingi milioni 2.5. Kwa timu inayochangishana kununua mpira, hizo ni jezi, nyavu na nauli ya kwenda Nzega na kurudi. Lakini bila jina kwenye usajili, hakuna hata senti.

Tukiwa Morogoro nilimpigia mwenyekiti wa timu ya mtaani kwetu nikamsomea hesabu nzima. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza kama FIFA watalipa pia ile miaka ambayo kijana alikuwa anacheza chandimu nyuma ya nyumba yake, tangu yuko chekechea, na vioo viwili alivyovunja. Nikamwambia kanuni inaanza miaka 12. Akasema basi tukifika tuwaandikie barua.